Kinda wa Mti wa Baba

Kuala Terengganu
13 Februari 1999

Mwanangu Yoh,

Assalaam alaykum. Mpishi wetu wa wali anavuka mpaka kesho kuja huko kwao na ndiye atakayebeba barua hii, kwa hiyo naandika upesi wakati wateja wa mchana wamepungua. Nimesikia umemaliza shule na matokeo si mabaya. Barua ya mama yako nimewaonyesha watu wote jikoni, hata wale wasiojua kusoma.

Sasa nisikilize. Panda mlimani, pale kijito kinapoanzia, kwenye ule mti wetu mkubwa wa meranti. Unaujua. Nilikupeleka ukiwa binti wa miaka tisa, ukalia kwa sababu ya ruba. Tazama tundu lililo juu. Kama limezibwa kwa matope na pamebaki ufa mwembamba kama kidole, basi hondohondo jike ameshaingia kutaga. Niandikie tarehe. Nikiijua tarehe, nitajua siku ya kupanda kumtoa kinda.

Bosi wangu, Haji Zulkipli, anataka kinda wa hondohondo mkubwa amfuge mbele ya mkahawa, wateja wapige naye picha. Nimemwahidi. Usiniulize kwa nini. Ni mtu aliyenitendea wema.

Mti ule ni wetu. Babu yako ndiye aliyeuona wa kwanza, akanipa mimi, na hakuna mtu kijijini aliyewahi kuupanda bila ruhusa yangu. Vigingi vya kupandia nilivyopigilia shinani mwaka juzi bado ni imara. Usimwambie baba yako mdogo Mayuso. Mdomo wake hauna komeo.

Msalimie mama.

Baba yako,
Doloh


Kijijini, chini ya mlima Budo
21 Februari 1999

Kwa Baba,

Waalaykum salaam. Sisi hatujambo. Mama anasema ule vizuri, na kwamba anajua unajibu "nakula" hata usipokula.

Nilikwenda kwenye meranti. Jike ameingia. Aliingia tarehe kumi, na ilipofika tarehe kumi na mbili tundu lilikuwa limezibwa.

Nimepata kazi, Baba. Wale watafiti wa ndege wa msituni, kutoka Bangkok, wananilipa kukaa chini ya mti na kuandika dume anakuja saa ngapi na analeta matunda gani. Mkuu wao ni Bi Wilai. Alikuja shuleni kwetu akatuuliza maswali, wenzangu tisa wakanyoosha mikono. Mimi nilikuwa nikitazama dirishani kwa sababu kulikuwa na chiriku kwenye waya. Akanichagua mimi. Kithai changu kinanikwama mbele yake, lakini huko msituni hakuna wa kuzungumza naye, kwa hiyo kazi inanifaa. Baba mdogo Mayuso anasema nimekuwa karani wa ndege, na kwamba siku moja nitawadai kodi.

Mwandiko wako umebadilika. Herufi zote zinaangukia upande mmoja. Je, u mzima?

Mwanao,
Rokiyoh


Kuala Terengganu
8 Machi 1999

Mwanangu Yoh,

Mimi mzima. Meza ya jikoni inayumba, ndiyo maana.

Umefanya vyema kupata kazi, ingawa sijapata kusikia mtu analipwa kwa kutazama. Ningejua, ningekuwa tajiri. Nilitazama miti miaka ishirini bure. Basi tazama miti ya watu wako, huu wangu niachie.

Jike aliingia tarehe kumi. Yai litapasuka mwisho wa mwezi huu. Chini ya mti utaona vipande vya ganda vimetupwa, na dume ataanza kuja mara nyingi zaidi. Kinda akifikisha wiki tano au sita hivi anafaa kuchukuliwa. Akizidi hapo anakuwa mkali na hakuzoei tena. Kwa hiyo nitakuja wiki ya kwanza ya Mei. Nitalala nyumbani usiku mmoja tu.

Najua moyo wako ulivyo. Kinda hateseki. Ukimlisha kwa mkono wako, anakuona wewe ndiye mama yake.

Baba yako,
Doloh


Kijijini
2 Aprili 1999

Kwa Baba,

Sikukuu ya kuchinja imepita salama. Mama alikuwekea nyama iliyokaushwa, lakini Mayuso ameipata, na sasa anasema walioila ni panya.

Yai limepasuka. Niliona vipande vya ganda tarehe ishirini na saba, na siku iliyofuata nilisikia sauti ndani, nyembamba, kama mlango mdogo unaosukumwa. Dume anakuja mara tisa kwa siku. Unamsikia kabla hujamwona, mabawa yake yanavuma kama mtu anayekata upepo kwa mundu mkubwa. Anatua kwenye ukingo wa tundu, anatikisa kichwa, na makuyu yanapanda kutoka kooni mwake moja moja. Jana niliyahesabu sitini na moja. Anampa jike moja, anangoja, anampa jingine. Hata tunda la mwisho hampi kwa pupa. Macho yake ni mekundu, na yeye pia ananitazama. Mwanzoni alikuwa ananiogopa, sasa haniogopi.

Baba, ni lazima awe kinda huyu?

Kuna jambo nimelifanya. Nitakuambia ukija.

Mwanao,
Rokiyoh


Kuala Terengganu
10 Aprili 1999

Mwanangu,

Ni lazima. Neno limeshatoka mdomoni.

Jambo gani umelifanya? Kama ni mchumba, mwambie angoje nifike.

Baba


Kijijini
21 Aprili 1999

Kwa Baba,

Barua hii anaileta dereva wa gari la matunda ya langsat. Nimemwomba aikabidhi mkononi mwako leo hii, na anarudi keshokutwa asubuhi. Tafadhali mpe jibu.

Dume haji tena. Mara ya mwisho nilimwona tarehe kumi na nane saa kumi na nusu jioni. Tarehe kumi na tisa nilikaa tangu alfajiri hadi magharibi, hakuja. Jana hakuja. Mgema mpira mmoja wa upande wa pili wa mlima anasema alisikia bunduki jioni ile ya tarehe kumi na nane. Sijui kama ni kweli. Jike anagonga kwa ndani, anagonga kidogo kisha ananyamaza. Kinda alikuwa analia jana. Leo sijamsikia.

Mti ninaoutazama ni huo wako. Sikukuambia tangu mwanzo. Bi Wilai alinipangia huo, na mimi nikanyamaza kwako, nikanyamaza na kwake pia, hajui kuwa ni wa baba yangu.

Na lile jambo ni hili. Mwezi wa tatu, baada ya barua yako, niliving'oa vigingi. Nilipanda hadi cha juu kabisa, nikawa navitoa kimoja kimoja nikiteremka, hadi vyote thelathini na vinne vikatoka. Nikavichoma jikoni. Mama aliona. Niliona kuwa bila vigingi hutaweza kumchukua, maana kupigilia vipya ni kazi ya siku nzima na wewe umesema utalala usiku mmoja tu.

Sasa hakuna mtu anayeweza kufika kwenye tundu. Bi Wilai na wapandaji wake wako Bangkok na kamba zote, watarudi mwisho wa mwezi. Baba mdogo Mayuso alijaribu kupigilia vigingi jana, cha nne kikazama kwenye shina lililooza akaanguka kwa makalio. Anasema mti umekukataa wewe, yeye na ukoo mzima. Pia anasema tukifanikiwa kupanda, tulivunje lile tope kwa panga jike atoke ajitafutie.

Wewe peke yako ndiye unayeujua mti huu. Njoo, Baba. Nikasirikie ukishafika.

Rokiyoh


Kuala Terengganu
23 Aprili 1999

Mwanangu Yoh,

Barua hii anaiandika kijana wa vinywaji, mimi nasema. Ndiyo maana imenyooka.

Siwezi kuja. Mwezi wa Januari karai la mafuta lilinimwagikia mkono wa kulia, tangu vidole hadi kiwiko. Haji Zulkipli alinibeba mwenyewe hospitalini, akakaa na mimi siku tatu akaacha mkahawa ufungwe. Tangu hapo sipiki, nakata vitunguu kwa mkono wa kushoto, na hajanifukuza. Nilitaka kumpa kitu ambacho hakipati kwingine. Huo ndio wema niliokuambia usiuulize. Nilificha kwa sababu mama yako angekuja huku kwa miguu. Na nilipokuwa nakuambia nitapanda mwezi wa Mei nilikuwa najidanganya mwenyewe, maana vidole bado havikunjiki.

Kwa hiyo tumefichana, wewe na mimi. Tutalizungumza siku nyingine. Sasa mwambie Mayuso asikilize, asomewe mara mbili.

Kwanza, msilivunje tope. Mayuso akigusa tope nitamkana. Jike akishaingia ndani ananyonyoka manyoya ya mabawa, na mapya huota polepole. Ukimfungulia kwa huruma, ataruka kama jiwe. Yeye mwenyewe anajua siku ya kutoka. Mnachotakiwa ni kumlisha hadi siku hiyo.

Pili, upande wa kijito mti umeoza ndani. Upande wa jua la asubuhi ni mzima. Vigingi vya mwanzi mkavu, vipana kama vidole viwili, virefu kama mkono hadi kiwiko. Kimoja kila hatua ya goti. Kigongwe hadi sauti ibadilike, ikiwa "to" badala ya "tu". Fungeni mwanzi mrefu kando ya vigingi kwa kamba ya msituni, mpandaji aushike huo, asivishike vigingi.

Tatu, chukueni fimbo ndefu, muipasue ncha, mbane kuyu humo. Ipelekwe kwenye ufa taratibu kutoka chini, mkono usionekane. Makuyu mabivu, na panzi, na mjusi mkimpata. Asubuhi na jioni.

Mayuso ni mzito mno. Atafute kijana. Wewe usipande. Hilo ni neno la baba.

Doloh
(Mimi kijana wa vinywaji naongeza: amelia wakati wa kusema haya, lakini amesema nisiandike.)


Kijijini
27 Aprili 1999

Kwa Baba,

Nimepanda.

Tulitafuta kijana. Wawili walikuja, mmoja akatazama juu akakumbuka kwamba ana ng'ombe wa kunyweshwa maji. Wa pili alipigilia hadi kigingi cha kumi, akalikumbatia shina asitake kusonga, tukamteremsha. Ilikuwa tayari saa tisa alasiri na ndani ya tundu hakukuwa na sauti kabisa. Mimi nilikuwa nimevaa ile suruali yako ya kugemea mpira. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilifunga kamba ya ng'ombe kiunoni na nikaanza kupanda, nikipigilia vigingi vilivyobaki.

Mama alikuja wakati nimeshafika katikati. Alikuwa hajasema nami tangu barua yako ifike, kwa ajili ya mkono wako. Nilidhani ataniita nishuke. Baba mdogo alikuwa anamweleza mambo mengi, kwamba yeye alikataa, kwamba mimi ni kichwa kigumu kama baba yangu, na Mama akamwambia, "Mayuso, shika kamba. Maneno yako hayamzuii mtu kuanguka." Kisha akakaa chini akawa anasoma dua kwa sauti, nikawa nazisikia hadi juu.

Vigingi vyote vilisema "to".

Kuyu la kwanza nililipeleka kama ulivyosema. Halikuchukuliwa. Mkono wangu ulichoka nikabadilisha mkono. Nikalisukuma tena na ndani kukawa na mkwaruzo, kisha ncha ya mdomo ikatokea kwenye ufa, ya manjano iliyofifia, imepakaa matope. Ikalipokea tunda polepole, kama mtu anayepokea kitu kwa mgeni asiyemfahamu. Nililiona jicho lake. Jeupe. Alichukua makuyu kumi na manane. La kumi na tisa nilisikia likipokewa na sauti nyingine, ile nyembamba.

Yuko hai, Baba. Wote wawili wako hai.

Nimepanda mara mbili kila siku tangu hapo. Watoto wa madrasa wanaokota makuyu, na Mayuso amegundua kwamba anaweza kukamata panzi kwa kofia yake. Sijui utanikasirikia kwa lipi kwanza.

Mkono unauma? Mama anauliza, lakini amesema nisiandike kwamba ni yeye.

Rokiyoh


Kijijini
9 Mei 1999

Kwa Baba,

Jike ametoka.

Ilikuwa juzi. Nilipofika asubuhi alikuwa anagonga, lakini safari hii hakunyamaza. Vipande vya tope vilianguka tangu saa moja hadi karibu na adhuhuri. Sikupanda, kwa sababu ulisema yeye mwenyewe anajua. Alitoka kwa kujiminya, mchafu, mkia umepinda, akakaa ukingoni akinyoosha bawa moja, halafu la pili. Manyoya yalikuwa yamekamilika. Aliruka hadi mti wa jirani akatua vibaya, tawi likapinda, lakini alitua.

Tundu likabaki wazi na kinda ndani peke yake. Tulimwona wote. Ana manyoya nusu, tumbo kubwa, kichwa kama cha mzee. Mayuso alisema kama Haji angemwona huyo angebadili nia mwenyewe. Niliogopa nyoka na nyani. Nikawaza tupande tuzibe kwa udongo, Mama naye akasema tuzibe. Lakini kinda alianza mwenyewe. Akaokota makombo na uchafu wake kwa ncha ya mdomo, akawa anabandika ukingoni, anagongagonga kwa ubavu wa mdomo, anabandika tena. Hakuna aliyemfundisha. Hadi jana jioni ilikuwa imebaki nafasi ya kidole.

Jike anamletea chakula sasa, lakini yuko peke yake, kwa hiyo nasi tunaongeza.

Bi Wilai amerudi. Nilimweleza yote kwa Kithai changu kibovu, hata vigingi, hata kwamba mti ni wako. Akauliza nani alitufundisha kwamba jike akiwa ndani hana manyoya ya mabawa. Nikasema baba yangu. Ameuliza kama unajua miti mingine yenye matundu. Nimemjibu kwamba hilo ni lako la kusema, si langu.

Rokiyoh


Kuala Terengganu
16 Mei 1999

Mwanangu Yoh,

Naandika mwenyewe, mkono wa kushoto. Vumilia.

Nimemwambia Haji hakuna kinda. Nilikuwa nimejiandaa kufunga mizigo. Nilimsimulia habari yote, tangu vigingi hadi panzi wa Mayuso. Siku ya tatu akaja jikoni akauliza, "Na huyo binti yako, anapanda bado?" Nikasema bado. Akasema basi njiwa wa kuimba atamtosha, njiwa anauzwa sokoni na hana baba. Kisha akaniambia nikate pilipili.

Kukukasirikia nimejaribu. Nimeshindwa kujua nianzie wapi.

Lakini kuna kitu nataka. Kwenye mti ule nimewatoa makinda kumi na mmoja. Nawahesabu sasa, zamani sikuwahesabu. Nilikuwa natia mkono, namshika shingo na miguu, namweka kwenye mfuko wa unga. Watu wananiita mjuzi wa hondohondo. Najua wanavyoingia, wanavyotaga, wanavyolia. Sijui wanavyotoka. Sikumwacha hata mmoja afike siku hiyo.

Yule akitoka, niandikie. Usiruke kitu.

Na mwambie Bi Wilai kuna miti saba. Nitakuja mwezi wa Julai kumwonyesha.

Baba yako


Kijijini
18 Juni 1999

Kwa Baba,

Ametoka jana, Alhamisi. Naandika kila kitu.

Ukuta aliuvunja tangu Jumatano mchana, kidogo kidogo, anapumzika sana. Jana alfajiri kulikuwa na ukungu, na ulipoondoka alikuwa ameshatoa kichwa na mabega. Ile kofia ngumu ya juu ya mdomo waliyo nayo wakubwa hana bado, pana ubapa tu. Mabawa yana mstari mweupe kama wa wazazi wake.

Jike alikuja saa moja na nusu. Nilidhani atamlisha, lakini alikaa kwenye tawi la mbele yake, mbali kidogo, na kuyu mdomoni. Kinda akalia. Jike hakusogea. Kinda akalia zaidi, akajivuta hadi kifua kikawa nje. Jike akalimeza lile kuyu mwenyewe mbele yake. Mama alikasirika, akasema mzazi gani huyo. Mayuso akasema, "Shemeji, wewe ulinifanyia hivyo na nyama ya sikukuu." Jike akaondoka, akarudi na jingine, akakaa palepale.

Ilikuwa hivyo mara nne. Mara ya nne kinda hakulia. Alisimama ukingoni, akajisaidia, akatazama chini, akatutazama sisi. Tulikuwa mimi, Mama, Mayuso, Bi Wilai na watoto sita wa madrasa. Saa tatu na dakika ishirini akajiachia.

Alishuka, Baba. Alishuka chini sana kuliko nilivyofikiri, hadi Mama akanishika mkono akaniumiza. Halafu mabawa yakashika hewa na ule mvumo ukaanza, mdogo, haujatulia, lakini ni ule ule. Alipita juu ya kijito akatua kwenye mduriani wa upande wa pili, karibu kifudifudi. Alikaa ameupa mlima mgongo kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Jike akamfuata na kumpa lile kuyu hapo. Bi Wilai alikuwa analia na kuandika kwa wakati mmoja. Walikaa karibu nusu saa, kisha wakaruka wote wawili kuelekea juu, na tukaacha kuwasikia.

Wengine walipoondoka nilipanda mara ya mwisho. Nilitaka kukuambia na kilichobaki ndani. Kuna mbegu nyingi, manyoya machache, maganda ya wadudu, na unga wa mti uliooza, laini kama pumba. Nilitia mkono hadi kwapani, upande ule ambao nadhani ulikuwa unatia wako.

Bado palikuwa na joto.

Mwanao,
Rokiyoh